Nisomee, Macho Yangu

"Siku ile chumbani alikuwepo nani mwingine?"

Wakili aliuliza kwa sauti ya chini. Walikuwa kwenye korido ya mahakama, watu wakiwapita na mafaili yao kwapani.

"Mimi na Macho tu," Mnukuzi akajibu.

"Basi wakili wa kampuni kajuaje kwamba ulilia, ukasema huenda kosa ni lako? Si umemsikia? Kakurushia maneno yako yaleyale mbele ya hakimu."

Mnukuzi akamshika Wakili mkono. Maneno yale aliyasema mara moja tu, kitandani, kichwa chake kikiwa kifuani kwa mwanamume aliyekuwa anamuoa mwezi ujao.

"Labda kuta zina masikio, dada."

"Kuta hazipigi simu, mdogo wangu. Na kesho wanaleta shahidi. Nimeuliza ni nani, wakacheka."

Mnukuzi hakuwa akiona tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika, na masikio yake yalikuwa ya hatari: ukipumua tu kwenye simu anajua umetoka kugombana. Kompyuta yake ilikuwa na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Shida ilikuwa tovuti ya kampuni ile, duka kubwa la dawa. Walioitengeneza hawakuvipa vitufe vyake majina, hivyo programu ikifika pale inasema tu, "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Akiagiza dawa za presha za mama yake, alibonyeza kimoja akiamini anathibitisha oda, kumbe anaifuta. Mama akakaa bila dawa, akaanguka. Mpaka leo mkono wake mmoja hauinui hata kijiko.

Duka likamjibu: pole, tafuta mtu wa kukusaidia. Ndipo akaenda mahakamani.

Na mtu wa kumsaidia alikuwa naye! Mtaa mzima ulimwita Macho, kwa jinsi alivyomshika mkono kila aendako na kumsomea kila karatasi. Wanawake wenzake walimwonea wivu waziwazi.

"Umechelewa, malkia," Macho alimpokea mlangoni alasiri ile. "Kaa nikuvue viatu."

"Viatu vyangu navijua, Macho."

"Najua unavijua. Nataka tu."

Akamvua. Akabaki amepiga magoti, ameshika miguu yake.

"Futa kesi, mpenzi. Tuoane kwa amani. Tovuti ya nini na mimi nipo?"

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo."

Alilisema taratibu mno. Mnukuzi akavuta miguu yake, na hakujua kwa nini.

Simu ikatetema. Sauti yake kavu ikasoma: "Namba isiyojulikana. Dada, kesho utaumbuka. Bado hujachelewa kufuta kesi."

"Umesikia hiyo?" Mnukuzi akauliza.

"Nimesikia. Si nimekwambia?"

Siku zote ikiingia namba ngeni, Macho huipora simu, aulize ni nani huyo, apige, atukane. Leo aliinuka akaenda kuoga. Mnukuzi akasikiliza maji yakimwagika, akawa hana raha kabisa.

Akafungua kompyuta, akampigia Wakili kwa mtandao, visikizi masikioni. Hata hawajafika mbali, jirani akapiga kelele dirishani:

"Bibi harusi! Mvua hiyo, nguo zako!"

"Dada, nisubiri, usikate," akamwambia Wakili. Akaweka visikizi mezani, akakimbilia uani.

Aliporudi na beseni la nguo, Macho alikuwa amesimama pale mezani, ananukia sabuni.

"Nafika dukani mara moja, malkia. Nikuletee nini?"

"Njoo salama tu."

Mlango ukafungwa. Akavaa visikizi.

"Samahani, dada Wakili. Tulikuwa wapi?"

Wakili akashusha pumzi nzito.

"Katoka?"

"Katoka. Kuna nini?"

"Funga mlango kwa ufunguo, halafu ukae."

"Nitakaa baadaye. Sema."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Shahidi wa kesho ni yeye. Kaongea na wakili wao kwa simu, hapo hapo ulipo, mimi nasikia kila neno. Hivi hakuona kompyuta imewaka?"

Hakuona. Mnukuzi alifanya kazi skrini ikiwa imezimwa, nyeusi tii; mtu asiyeona awashe mwanga wa nini? Aliiwasha pale tu Macho alipotaka kumsomea. Mwaka mzima wameishi nyumba moja, na mwanamume yule hakuwahi hata siku moja kumuuliza, "Hivi wewe huwa unafanyaje kazi?" Kwake skrini nyeusi ilikuwa kompyuta iliyolala.

"Kasemaje?" Mnukuzi akauliza.

"Kesho atasimama adanganye kwamba aliyeifuta oda ni yeye. Kwamba wewe hata hukuigusa kompyuta, unamsingizia duka."

"Wamempa ngapi?"

"Ingekuwa pesa ningemwelewa! Kasema hataki chao chochote. Kasema, 'Akishinda, kila tovuti itamsomea. Mimi nitabaki kuwa nani kwake?'"

Akakaa. Iliuma, jamani. Afadhali angemfumania na mwanamke, angejua pa kuanzia kulia.

"Dada," akasema mwishowe, "andika maneno hayo kwenye karatasi, uipige picha, unitumie."

"Picha? Simu yako haisomi picha."

"Ndiyo maana."

Macho alirudi na mkate na maneno matamu. Mnukuzi akamnyooshea simu.

"Wakili katuma picha ya maandishi, simu yangu imeshindwa. Nisomee, Macho yangu."

Akaipokea. Mnukuzi akasikia pumzi ikikatika, mate yakimezwa. Moyoni alikuwa anaomba: sema kweli. Sema tu, hata ukilia, nitajua pa kukuweka.

"Anasema..." Macho akakohoa. "Anasema kesho kesi imeahirishwa. Usiende. Upumzike."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mpenzi."

"Hakuna pahala palipoandikwa, 'Mimi nitabaki kuwa nani kwake'?"

Mkate ukaanguka sakafuni.

"Malkia, nisikilize..."

"Mama yangu hainui kijiko, Macho! Ulimlisha uji kwa mkono wako!"

"Nakupenda! Nani atakupenda hivi? Nani atakusomea?"

"Mwaka mzima," Mnukuzi akasema, "umenisomea mangapi hivi?"

Swali lile lilimwogopesha Mnukuzi kuliko yote, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Akaivua pete yake, akaiweka mezani, akamfungulia mlango. Alitoka. Lakini nyayo hazikwenda mbali. Zilisimama nje ya mlango, na Mnukuzi akazungusha ufunguo mara mbili.

Asubuhi Wakili alimvuta wakili wa kampuni pembeni, akamnong'oneza alichosikia. Walipoingia, upande wa kampuni ukasema hauna tena shahidi.

Hakimu akataka kuisikia hiyo tovuti. Mnukuzi akafungua kompyuta, akapandisha sauti.

"Kitufe," ikasema mahakama nzima ikisikia. "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Kipi kinafuta?" hakimu akauliza.

"Hata mimi nilitaka kujua, mheshimiwa."

Kabla ya adhuhuri hukumu ilitoka: duka litengeneze tovuti yake isomeke na wote, na limlipie mama matibabu. Wakili alimkumbatia mpaka akakosa pumzi, kisha akarudi ndani kuchukua nakala. Mnukuzi akatoka peke yake.

"Hongera."

Ilikuwa sauti ya Macho, karibu sana.

"Sikuja kwa ubaya. Mbele yako kuna ngazi, na zimelowa. Nishike mkono."

Mkono ule aliujua kuliko wake. Ungeweza kumteremsha bila kuloa unyayo. Mnukuzi alisimama, kisha akanyoosha fimbo yake, akagusa mbele.

Ngazi zilikuwepo, na zilikuwa zimelowa. Macho hakudanganya.

"Asante," Mnukuzi akasema, na akateremka kwa fimbo.