Geti la Fundi wa Majokofu

Kila asubuhi mwalimu alipoita majina, Chiriku aliitika, "Nipo, mwalimu," kwa sauti iliyofika hadi darasa la jirani. Jina hilo la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Lakini akisharudi nyumbani mchana alikuwa na kazi moja tu, kukaa nyuma ya geti na kusema, "Baba hayupo."

Na Baba alikuwepo. Alikuwa chumbani, amejilaza chali na kofia yake ya kazi kichwani, mapazia yamefungwa. Baba alikuwa fundi wa majokofu. Ua ulijaa majokofu ya watu, mengine hayana milango, mengine hayana mota, na moja kuukuu kuku walikuwa wamelifanya makazi. Zamani ua ule ulikuwa na kelele za nyundo na vicheko vya wateja. Siku hizi palikuwa kimya hadi ukasikia kuku akijikuna.

Chiriku hakuelewa vizuri kilichotokea. Aliyaokota mambo vipande vipande kwenye mazungumzo ya wakubwa. Baba alikopa benki ili apanue karakana. Akaiweka nyumba rehani, yaani walikubaliana kwamba akishindwa kulipa, benki itaiuza nyumba. Kisha kazi ikalegea na malipo yakakwama. Tangu hapo Baba aliamuru kwamba yeyote atakayegonga geti aambiwe hayupo. Asiyempata, alisema, hawezi kumuuzia nyumba yake.

Chiriku aliliwaza jambo hilo mpaka kichwa kikamuuma. Nyumba ilikuwa pale pale, haina miguu ya kukimbilia popote. Sasa Baba akijificha, nyumba inajifichaje? Tena shuleni walifundishwa wasiseme uongo, na nyumbani akisema kweli ataitwa msaliti. Ashike lipi?

Alishika la nyumbani. Mtu wa kwanza aliambiwa Baba kasafiri. Wa pili akaambiwa Baba anaumwa. Wa tatu alikuwa muuza maziwa, aliyekuja na jokofu lake juu ya mkokoteni. Huyo aliambiwa Baba yuko msibani. Muuza maziwa akampa pole, akageuza mkokoteni na kulipeleka jokofu kwa fundi mwingine. Jioni majirani wakaja kuuliza ni nani aliyefariki. Mama, aliyekuwa amerudi hoi kutoka kufua mashuka ya hospitali, alimtazama Chiriku, kisha akautazama mlango wa chumbani.

Siku mbili baadaye aligonga mwanamke mmoja aliyevaa raba, mkoba begani. Chiriku alimwamkia, na alipoulizwa Baba alipo, uongo wote ukamjia kwa pamoja.

"Hayupo. Amesafiri. Yuko msibani. Anaumwa."

"Masikini," mgeni alisema. "Kafiwa, anaumwa, na bado yuko njiani. Huyo ni wa kuombewa."

Chumbani Baba akapiga chafya.

"Na paka wenu naye ana mafua," mgeni akaongeza, bila kucheka. Akaweka sawa mkoba wake begani, akageuka aende zake.

Kulikuwa na swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza pale getini. Chiriku akalitoa.

"Samahani, shangazi. Kwani wewe ni wa benki?"

Mgeni akarudi. Alieleza kwamba yeye ni wakili kutoka ofisi ya msaada wa kisheria, na kwamba Mama ndiye aliyekwenda kuomba msaada huo, ambao haulipiwi. Nyumba ilikuwa imepangwa kupigwa mnada Jumamosi. Sheria, alisema, inaitaka benki impe mkopaji taarifa na muda kabla ya kuuza, na muda huo ulikuwa haujaisha. Kesho angeweza kumwomba hakimu ausimamishe mnada. Lakini alihitaji maelezo ya Baba mwenyewe, chini ya kiapo, na saini yake.

"Siwezi kumtetea mtu ambaye hayupo," alimaliza.

Chiriku alisimama na mkono kwenye komeo. Akifungua amevunja amri ya Baba. Asipofungua, Jumamosi watalala wapi? Akafungua. Akaenda hadi mlango wa chumbani na kusema polepole, "Baba, aliyekuja haitaki nyumba. Anakutaka wewe."

Kitanda kikalia, na Baba akatoka, kofia upande, akipepesa macho juani kama mtu aliyetoka pangoni. Akalalamika kwamba hakuna aliyemwambia. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini, alimjibu, "Nilikwambia atakuja mtu wa kutusaidia. Ukanigeuzia mgongo, mume wangu."

Baba aliyaandika maelezo yake juu ya jokofu lililolazwa, akatia saini. Kesho yake hakimu aliusimamisha mnada. Wiki iliyofuata Baba na wakili walikwenda benki. Deni halikufutwa, lakini waliongezewa muda, na malipo ya kila mwezi yakapunguzwa.

Wakili alipopita tena nyumbani, alimkuta Baba uani, amevaa glavu. Akakaa juu ya kigoda.

"Fundi, deni si mbwa, kwamba ukikaa kimya litakupita," alisema. "Ulifunga geti ukidhani umemfungia dalali wa mnada. Waliobaki nje ni wateja wako, na mimi. Jambo likikuzidi, sema mapema, muulize anayejua. Na uongo wa mkubwa usimtwishe mtoto."

Baba aliinamisha kichwa. Akamwomba Chiriku radhi, mbele ya mgeni.

Geti likagongwa. Nje alikuwa muuza maziwa na mkokoteni wake. Alianza kwa kutoa pole za msiba, kisha akalalamika kwamba yule fundi mwingine amelimaliza kabisa jokofu lake. Akauliza kama fundi yupo.

Kwa mazoea Chiriku alifungua mdomo. Baba akamuwahi.

"Nipo," alisema, kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya jirani.