Nyamizi na Vifaranga Sita wa Kanga

Nyamizi aliishi na bibi yake, karibu na shamba la mtama. Walikuwa na vifaranga sita wa kanga, wadogo kama ndimu.

Kanga alitaga mayai, kisha akaenda zake kutembea. Kanga hatulii! Basi Bibi akampa kuku mweusi mayai yale ayaatamie.

"Kwo, kwo, kwo!" kuku aliita.
"Pii, pii, pii!" vifaranga wakamfuata.

Nyamizi hakupenda. "Mama yenu ni kanga," aliwaambia. "Nendeni kwake!" Akamfunika kuku kwa tenga.

Vifaranga wakamfuata kanga. Kanga alikwenda mbio, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mara kivuli kikapita uwanjani.
Mwewe anazunguka. Mwewe anashuka.

"Che-che-che!" Kanga akaruka juu ya paa, peke yake. Vifaranga wakajificha kwenye majani, kimya.

"Njooni!" Nyamizi aliita. "Njooni, jamani!"
Hakuja hata mmoja. Moyo ulimdunda, du, du, du.

Mwewe anazunguka. Mwewe anashuka.

"Bibi! Mwewe!"
Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuku yuko wapi?"
"Nimemfunika."
"Mfunue, mjukuu wangu! Haraka!"

Nyamizi akafunua tenga. Kuku akatoka, manyoya yamemsimama.
"Kwo, kwo, kwo!"

Majani yakatikisika. Pii, pii, pii! Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Wakaingia chini ya mabawa.

Wa sita yuko wapi?

"Pii..." Yule pale, pembeni mwa uwanja! Mguu wake umenasa kwenye majani.
Mwewe anashuka. Anashuka!

Nyamizi akakimbia na tenga. Akachuchumaa juu ya kifaranga. Akajifunika tenga, yeye na kifaranga wake.

Puu! Kwaru, kwaru, kwaru! Kucha zilikwaruza tenga. Nyamizi alifumba macho. Aliogopa sana, lakini hakutoka.

"Toka! Toka hapa!" Bibi alipiga kelele, mwiko juu.
Mwewe akaruka, akaenda zake na njaa yake.

Jioni Nyamizi alimpelekea kuku mtama. "Nisamehe, mama," alisema.
Kuku akadonoa mtama kiganjani mwake, to, to, to.

"Kuzaa si kazi," Bibi alisema, "kazi ni kulea."

Vifaranga sita wakalala chini ya mabawa ya kuku. Bibi naye akapanda kitandani, akainua shuka.
"Njoo, mjukuu wangu."

Nyamizi akaingia, akajibana kwa Bibi, akalala.