Kurasa Sita Nilizozishona

Mimi ni fundi cherehani. Wateja huniita Masikio, na ukiniona hutauliza kwa nini.

Siku moja binti yangu alirudi kutoka shule na kitabu cha hadithi ya picha. Nikadhani ni vichekesho. Nikakifungua. Kumbe ni habari za mauaji ya zamani: watu wanatolewa majumbani, nyumba zinawaka moto. Nikaogopa, sikufichi.

Mama yangu tunaishi naye. Alipokuwa mtoto, mauaji ya namna hiyo yalimkuta. Hajawahi kutusimulia. Basi nikazipitisha kurasa sita zenye mauaji hayo kwenye cherehani, nikazishona pamoja. Ufundi gani huo, sijui.

Binti yangu hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, unaficha nini? Mbona Bibi hana ndugu hata mmoja?"

Nikainamia cherehani yangu. Tangu hapo ikawa salamu tu, basi.

Siku ya tatu mwalimu wake wa historia alikuja kuchukua gauni lake. Nikamwonyesha kitabu, nikitegemea ataniunga mkono.

"Fundi, umeshona kitabu cha shule," akasema.

"Mwalimu, mtoto ana miaka kumi na minne."

"Ndiyo. Mtaani atasikia tu, tena kwa kupotoshwa. Hebu chungulia kati ya kurasa. Mchoraji hakujaza maiti. Amechora kiatu kimoja mlangoni. Mtoto anaona kwamba waliouawa walikuwa watu wenye viatu na majina. Ila asiachwe peke yake. Wewe soma kwanza, kisha someni pamoja. Akichoka, pumzikeni. Usilolijua, mwambie hulijui."

"Na mama yangu je?"

"Muulize. Usimlazimishe."

Nikachukua wembe, nikafumua uzi. Matundu ya sindano yakabaki. Nikamwomba binti yangu radhi.

Jumamosi asubuhi tukakaa kusoma. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza kama tuhamie chumba kingine.

"Kaeni," akasema.

Tulipofika kwenye kurasa zenye matundu, akaja, akaweka kidole juu ya mtoto anayekimbia.

"Kaka yangu alimzidi huyu kidogo. Alikuwa na pengo hapa mbele."

Nina miaka arobaini na mbili. Sikujua kama nilikuwa na mjomba. Machozi yalinitoka, nikayaacha.

Binti yangu akaleta penseli na karatasi. Akachora uso, akachora pengo.

"Bibi, masikio yake yalikuwaje?"

Mama akanitazama.

"Makubwa," akasema. "Kama ya baba yako."