Kombe la Safari

"Usi! We Usi! Jua lishatua, huyu kuku utampeleka saa ngapi?"

Mama yangu huyo, Bi Wanu, anapiga kelele barazani kwetu Mlandege mpaka muuza kahawa kageuka. Mimi nimo ndani nnapiga pasi suruali. Keshokutwa nnapanda meli kwenda Uingereza! Nshapata skolashipu ya kusomea shahada ya pili, na kila kitu kimelipwa: nauli, ada, chumba, mpaka koti la baridi. Mwaka ule, Unguja nzima, aliyeipata ni mimi peke yangu. Mtu kama mimi ndiye wa kutumwa kuku?

"Mama, mimi nna digrii ya Makerere."

"Hiyo digrii ukizama utaikamata uelee? Mwanangu haendi ng'ambo hajazinguliwa. Mama yako mkubwa anakungoja. Toka!"

Kwetu ndivyo. Msafiri huzungushiwa kuku mweupe kichwani, akafukizwa ubani, akanywa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikakoshwa kwa maji ya mawaridi. Mimi mambo hayo nilikuwa nayacheka. Lakini mama akishika kiuno, nani atambishia? Nikamfunga kuku kwenye baiskeli, nikaenda zangu Mpendae.

Mpendae ya wakati ule ilikuwa mihogo na minazi, nyumba moja hapa, nyengine kule. Nyumba ya mama mkubwa, Bi Kazija, ilikuwa ya mwisho. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mcha, rika langu. Homa ilimkamata ana miaka mitano, na tangu hapo hakusema neno. Hukaa mkekani udenda unamtoka, hulishwa kwa kijiko, hutembea kwa kushikwa mkono. Mimi nikija humletea halwa, nikampapasa kichwa kama paka, nikaona nimefanya wema mkubwa.

Nilipofika, ubani ulikuwa ushawashwa. Lakini chini ya ule ubani palikuwa na harufu nyengine... kama nywele zinaungua.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Kaa hapo mkekani, karibu na ndugu yako."

"Na yeye pia?"

"Apate baraka na yeye. Kwani utapungukiwa nini?"

Ala! Kila mtoto wa Unguja anajua kwamba kuku wa kuzingua huzunguka kichwa kimoja. Kimoja tu. Lakini utamwambiaje mama yako mkubwa, nyumbani kwake, amwondoe mwanawe? Niliona haya. Adabu zangu ndizo zilizoniponza, wallahi, nikakunja goti pamoja na Mcha kwenye mkeka mmoja.

Akamchukua kuku. Kichwa changu, kichwa cha Mcha. Changu, chake. Changu, chake... Kuku njia nzima alikuwa akipiga kelele, sasa kimya. Nilipoinua macho shingo ilikuwa inaning'inia, na hapana aliyemchinja.

Bi Kazija akaileta sahani. Nimesoma chuoni tangu mdogo, nimehitimu msahafu, herufi nnazijua. Zile zilikuwa herufi, lakini zote zimegeuka, kama unazisoma kwenye kioo. Nikafungua mdomo niulize.

"Magharibi inapita, Usi." Akamimina maji ya mawaridi, herufi zikayeyuka. "Kunywa nusu. Nusu mwachie mwenzako."

Nikanywa. Tamu... kisha chungu, chungu kama shubiri.

Mcha akaipokea sahani kwa mikono miwili, akanywa iliyobaki. Hakumwaga hata tone.

Taa ikafifia.

Bi Kazija akanong'ona. "Usi, mwana wa Wanu."

Nikataka kuitika. Ulimi umelala.

"Usi... mwana wa Wanu..."

"Naam."

Si mimi niliyeitika.

Lakini sauti ilikuwa yangu.

Nikageuka. Pembeni yangu kakaa mtu, kavaa miwani yangu, shati langu jeupe, sharubu zangu nilizotoka kuzichonga asubuhi. Ananitazama. Nikaangalia mikono yangu. Kucha zimetafunwa mpaka nyama. Kitu cha moto kikanichuruzika kidevuni, na sikuweza kukifuta.

"Mama," akasema yule kwa mdomo wangu, polepole, kama anaonja. Machozi yakamtoka. "Mama, nilikuwa nnasikia. Miaka yote nnasikia kila kitu, nnakuita, huniitiki!"

Bi Kazija akamkumbatia, wakalia wote wawili. Mimi nikapiga ukelele, ukelele wa roho yangu yote.

"Mmmh... mmmh..."

Ndicho kilichotoka.

Bi Kazija akanijia, akanipapasa kichwa. Wala hakuwa na chuki, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. "Usijitese, baba. Mdogo wangu Wanu ana watoto sita, wote wazima, wote wanasoma. Mimi Mungu kanipa mmoja. Mimi na Wanu tangu wadogo hatunyimani. Hata doti ya kanga tulikuwa tunanunua moja, kila mtu kipande chake."

Nje nikamsikia yule anaipanda baiskeli yangu, anaanguka, anacheka, anapanda tena.

Siku ya meli Bi Kazija alinivisha kanzu safi, akanishika mkono mpaka bandarini. "Anamlilia nduguye," akawa anawaambia watu, na watu wakanihurumia. Na yule yupo pale, koti langu mkononi, anapeana mikono na mabwana wa serikali, anajibu Kizungu changu chote, halikosekani neno. Ndugu zangu wamemzunguka, wanalia kwa furaha.

Nikachomoka. Nikajitupa miguuni kwa mama yangu, nikang'ang'ania buibui lake.

"Mmmh! Mmmh!"

"Mwondoeni huyo," akasema Borafya, jirani yetu wa Mlandege. "Atamroesha Bi Wanu kwa mate."

"Mwacheni," mama akasema.

Akachutama. Akatoa ncha ya kanga, akanifuta kidevu, taratibu, kama alivyokuwa akinifuta utotoni. Nikamtumbulia macho kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Nitazame, mama. Nitazame! Mwana hampotei mzazi wake, hata avikwe ngozi ya nani.

Na kweli sikumpotea.

"Nyamaza, Usi," akaninong'oneza sikioni. "Nyamaza, baba. Utazoea."

Akanibandua vidole kwenye buibui lake, kimoja kimoja, akasimama. Honi ya meli ikalia. Mama akajipenyeza mpaka mbele kabisa, akapiga vigelegele kuwashinda wanawake wote.