Herufi Kwenye Nyuzi za Baba

Kila jioni, akishavua sare, Radi alikaa kando ya cherehani ya baba yake na kumpa nyuzi. Kila roli ya uzi ilikuwa na herufi kitakoni: N ya nyekundu, K ya kijani, H ya hudhurungi. Radi aliamini mafundi nguo wote huandika hivyo.

Jina la Radi alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa wepesi wa vidole. Kompyuta ya shule ilikuwa na mchezo: duara la chini, la kijani, likiwaka, bonyeza, la juu, jekundu, likiwaka, tulia. Hakuna aliyemfikia. Nafasi ya kushindana na darasa la saba ilikuwa kama yake tayari.

Siku ya kuchagua mchezaji, mwalimu alileta mchezo mpya: duara moja tu, katikati ya skrini, likibadilika rangi. Radi alibonyeza mara kumi. Akakosea sita.

"Leo radi imepiga hewa!" mwenzake mmoja akamtania. Darasa likaangua kicheko.

"Kibodi mbovu," Radi akasema.

Mwalimu akaikagua, asione kasoro. "Basi utarudia kesho kwa kibodi nyingine."

Jioni, mawazo yakiwa mbali, Radi alichukua uzi bila kusoma herufi. Baba akaugeuza kitako.

"Binti yangu, huu ni K. Nimeomba N. Una nini leo?"

Radi akainamisha kichwa. "Baba, nimedanganya shuleni. Kibodi ni nzima. Nilikuwa natazama juu na chini tu. Rangi zenyewe naziona kama moja."

Baba akaondoa mguu kwenye pedali. "Unadhani herufi hizi ni za nini? Mimi nami sizitofautishi. Nilipooa nilimshonea mama yako gauni la kijani kwa uzi mwekundu, nikampelekea kifua mbele!"

"Na nililivaa!" mama akaitikia kutoka jikoni. "Kesho yake nikanunua kalamu."

Asubuhi Radi alisimama mbele ya darasa akasema yote. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikaa kwenye kompyuta dakika chache, akachora nyota ndani ya duara la kijani. Radi akabonyeza mara kumi, akapata kumi.

"Darasa la saba nao watacheza na nyota hiyohiyo," mwalimu akasema. "Macho ya watu hayafanani, na hilo si kosa la mtu. Kosa lilikuwa kuisingizia kibodi. Ningebadilisha kibodi zote za shule, Radi, na wewe ungeendelea kukosea. Ulipotuambia ukweli, imetosha nyota moja."