Makofi Ndani ya Mashine

Hebu fumba macho, umwone mtu amelala ndani ya bomba jembamba, haruhusiwi kutikisika. Ndivyo alivyolala rafiki yangu Maximilla, mkulima wa maharage wa Kibondo, asubuhi aliyokwenda Kasulu kupimwa. Watafiti walikuwa wameleta mashine ya MRI, ile ipigayo picha za ndani ya mwili, ndani ya kontena, kuchunguza ugonjwa unaonyausha misuli. Paja lake la kushoto lilikuwa limekwisha kunywea. Alitaka kujua kama la kulia limesalimika.

"Mama, ukijitikisa picha inaharibika," alisema Nurudini, mpimaji, akimfunga mikono kifuani kwa mkanda.

"Funga tu, baba. Leo jembe limepumzika."

Taa ikazimwa. Mashine ikagonga kwa muda mrefu, kama nyundo juu ya bati. Ilipotulia, Maximilla akasikia makofi mepesi miguuni pake, yale ambayo Waha, watu wa kabila lake, hupiga wakiamkiana kwa heshima. Akadhani ni muuguzi. Kunyamazia salamu ni aibu, naye mikono imefungwa, basi akaitikia kwa mdomo. Makofi yakakoma. Kitu cha baridi kikashika paja lake la kulia.

Alipotolewa, alimkuta Nurudini peke yake, ameganda mbele ya kompyuta.

"Katika picha za kwanza la kulia lilikuwa zima, mama," alisema taratibu. "Lakini mikono hii ni ya nani?"

Pichani, viganja viwili visivyo na nyama vilikuwa vimelikumbatia paja.

Nakuomba ukumbuke hili tu: katika kila picha iliyofuata ya kipimo kile, vidole vile vilikuwa vimezama zaidi ndani ya nyama ya paja.