Jembe la Mama Prodige

Soko la Virunga, mjini Goma, lilikuwa limejaa asubuhi hiyo. Élodie Bashige, karani wa ofisi moja mtaani Himbi, alikuwa anachagua nyanya alipokutana uso kwa uso na Prodige Kataliko, muuza maharagi waliyependana mwaka mzima, na ambaye simu zake Élodie hakuzipokea hata moja kwa wiki tatu.

“Kumbe ungali hai,” Prodige akasema. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri, lakini uso aliukunja.

“Toka mbele yangu.”

“Ulimufanya mama yangu alie! Alikupatia jembe kwa mikono miwili, ukapiga nalo foto, kisha ukalitupa chini!”

Élodie akakaza kikwembe chake cha njano kiunoni.

“Uliniambia nini, Prodige? ‘Chérie, twende kwetu Rutshuru tutembee, utaona mashamba, utapiga mafoto.’ Nikavaa kofia na raba mupya. Nilikuwa mutalii! Nani aliniambia kwamba kwenu musichana akipewa jembe anaulizwa kama atakubali kuolewa? Nilikuja kujua nikisharudi Goma!”

Kweli Prodige hakumwambia. Aliogopa kukataliwa, akamwachia mama yake kazi ya kuposa. Mwanaume mzima, na ndevu zake! Aibu gani hiyo?

“Pigia mama yako simu sasa hivi. Mwambie ukweli.”

“Hapa? Mbele ya watu?”

“Hapa hapa. Kama hapana, tumeachana leo.”

Wamama wa nyanya wakaacha kuuza. Prodige akapiga, sauti ya simu ikiwa juu.

“Mama, Élodie hakujua maana ya jembe. Sikumwambia. Kosa ni langu.”

“Ati nini?” mama akafoka. “Wiki tatu ninalia, ninasema mutoto ya watu amenikataa, kumbe ni ujinga yako! Mupatie simu!”

Élodie akaipokea.

“Mutoto yangu, ungali unamupenda huyu mujinga?”

“Ninamupenda, mama. Lakini nimekasirika sana.”

“Kasirika, una haki. Kuja Jumamosi, siku ya posho, tulime wawili. Yeye abakie Goma.”

“Nitakuja, mama.”

Prodige akakenua meno. “Basi umekubali!”

“Nimemukubali mama. Wewe hujaniuliza kitu.”

Prodige akasema mbele ya soko zima, “Élodie, utakubali nikuoe?”

“Nitakujibu nikitoka Rutshuru,” akasema, akaenda zake.